Jina, Wimbo na Tarehe: Historia Fupi ya Zawadi baina ya Pwani na Nyasa

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii hutajwa sana kwenye harusi na michango, lakini ni nadra kufikiriwa pale ambapo kitolewacho hakishikiki mkononi. Wimbo ni mali ya namna hiyo. Haupimwi kwa pishi wala kwa dhiraa, na aliyeutoa hapungukiwi na kitu. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne moja, wimbo umekuwa zawadi kubwa baina ya marafiki, katika mwambao wetu na katika bara iliyo nyuma yake. Makala haya yanakusudia kuifuata njia ya zawadi hiyo, tangu ngoma ya kualikana hadi santuri, redio, kanda, kompyuta na simu ya mkononi, na kuuliza swali moja: kila chombo kipya kilipoingia, rafiki aliendelea kutoa nini, na aliacha kutoa nini?

Katika safari hii tutatoka visiwani mara kwa mara na kwenda mbali, hadi pwani ya Ziwa Nyasa katika Mkoa wa Ruvuma. Huko kuna Tingi, kata iliyokuwa ya Wilaya ya Mbinga na ambayo leo ni ya Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Ni nchi inayoshuka kutoka milima ya Umatengo, penye kahawa na ngolo, kuelekea Mbamba Bay na Liuli, penye mitumbwi na dagaa. Msomaji wa Unguja, Pemba au Lamu anaweza kushangaa. Yahusu nini Tingi katika jarida la washairi wa pwani?

Inahusu kwa sababu mbili. Kwanza, mwambao wetu na ule wa Nyasa ni ndugu wa zamani, na udugu wenyewe haukuanza kwa furaha. Katika karne ya 19 njia ya watumwa ilitoka Nyasa hadi Kilwa, na kutoka Kilwa hadi soko la Mkunazini. Wako wengi visiwani ambao damu yao ilipita njia hiyo, hata kama jina la kijiji limesahauliwa. Kisha ile misheni ya Kianglikana iliyoitwa UMCA ikajenga kituo chake Unguja mwaka 1864, na baadaye kingine katika kisiwa cha Likoma, kati ya Ziwa Nyasa. Padri William Percival Johnson, aliyeshuka Unguja mwaka 1876, alimaliza maisha yake katika ziwa hilo na kufariki Liuli mwaka 1928. Pili, mahali palipo mbali na viwanda, mitambo na vituo vya redio ndipo mabadiliko ya zawadi yanapoonekana vizuri zaidi. Mjini chombo kipya kikiingia, kila mtu hukazana kupata chake. Kijijini huingia kimoja, na watu wote hukizunguka.

Marafiki wawili na mzinga mmoja

Tuanze na urafiki, kwani pwani hiyo ya Nyasa ina kisa chake mashuhuri. Wakati wa Wajerumani, Liuli iliitwa Sphinxhafen, kwa sababu ya mwamba uliowakumbusha lile sanamu la Misri lenye uso wa mtu na mwili wa simba. Hapo ndipo ilipowekwa meli ya Kijerumani iliyoitwa Hermann von Wissmann, chini ya nahodha Berndt. Upande wa Waingereza kulikuwa na meli ya Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades. Manahodha hawa wawili walikuwa marafiki wa kukutana na kunywa pamoja, kama wafanyavyo watu wachache walio mbali na kwao.

Tarehe 13 Agosti 1914 Gwendolen iliingia Sphinxhafen na kuipiga kwa mzinga ile meli ya Kijerumani, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Berndt hakuwa amepata habari kwamba nchi zao zimeingia vitani. Alichukua mtumbwi mdogo, akaenda kwa hasira kumwuliza rafiki yake kama amelewa. Jibu alilopata ni kwamba sasa yeye ni mateka. Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, lakini kina jambo zito ndani yake. Urafiki wao ulikuwa wa kuonana uso kwa uso, na ulidumu kwa kadiri walivyoonana. Habari zilipomfikia mmoja kabla ya mwenzake, urafiki ukageuka mtego. Tangu hapo, katika historia tunayoifuata, suala la nani anapata habari za nani, na kwa chombo gani, halitatuachia.

Vita hivyo viliua watu wengi, na wapagazi walikufa kuliko askari. Lakini waliorudi walirudi na jambo jingine: mwendo wa gwaride. Pwani tayari ilikuwa na ngoma ya beni, iliyoanza Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, yenye vyama vya ushindani, vyeo vya kijeshi, sare na tarumbeta. Beni ilisambaa Tanganyika yote kwa majina ya Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger aliifuata ngoma hii katika kitabu chake cha mwaka 1975, naye alionyesha kwamba vijana wa pwani na wa bara walikuwa wakiongea lugha moja ya ngoma kabla ya kuwa na taifa moja.

Katika Ziwa Nyasa lugha hiyo ilizaa mganda. Wachezaji hujipanga mistari, nguo safi, mguu sawa. Hakuna tarumbeta za shaba. Badala yake kuna ngoma na vibuyu vinavyovumishwa kwa mdomo, vikatoa sauti ya kukwaruza inayofanana na ya tarumbeta. Wanawake nao wana kioda, yenye mistari na nidhamu yake. Lililo muhimu kwa hoja yetu ni kwamba mganda ni ngoma ya kualikana. Kijiji kimoja hualika kikundi cha kijiji kingine. Wenyeji hupika, wageni hucheza. Msimu mwingine wageni wa jana huwa wenyeji wa leo. Anayecheza amelipwa kwa chakula, na anayepika amelipwa kwa ngoma, lakini hesabu haifungwi. Deni hubaki, na deni hilo ndilo urafiki wenyewe. Vijiji viwili visivyodaiana havina haja ya kutembeleana.

Kwa hiyo zawadi ya wimbo, katika umbo lake la kwanza tunaloliona hapa, ilikuwa na mambo matatu. Ilikuwa na jina, kwa maana ulijua nani amekualika na kwa ajili ya nani unacheza. Ilikuwa na muda, kwa sababu kikundi kilifanya mazoezi na kutembea kwa miguu hadi kwa mwenyeji. Na ilikuwa na marejeo, kwani iliyopokewa ilipasa kurudishwa. Jina, muda, marejeo: msomaji ayashike haya matatu, maana ndiyo mizani yetu.

Tunza na sahani ya santuri

Visiwani tulikuwa na mizani hiyo hiyo kwa sura nyingine. Chama cha tarabu cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905 kilijiita kwa maneno ya Kiarabu yenye maana ya ndugu wa usafi wa moyo. Jina hilo linatuambia kwamba watu walikusanyika kwanza kama marafiki, na ala zikafuata. Na katika ukumbi wa tarabu, mpaka leo, msikilizaji hasikilizi tu. Hunyanyuka, akasogea mbele kwa madaha na kumtunza mwimbaji mkono kwa mkono. Anayejua mambo hutazama nani amenyanyuka kwenye ubeti gani, kwani mwenye kutunza ameufanya ubeti ule kuwa wake, na ameupeleka kwa mtu aliyemo ukumbini: shoga aliyemfaa, mume, au hasimu. Wimbo mmoja hutumwa usiku mmoja kwa watu kumi, na kila mmoja hupokea wake.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri na wenzake hadi Bombay, akarekodi nyimbo kwa kampuni ya His Master's Voice. Kwa mara ya kwanza sauti ya mwanamke wa Kiswahili, mzaliwa wa Fumba, iliweza kununuliwa, kufungwa na kupelekwa. Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wake, aliona wazi ukubwa wa tukio hilo kwa lugha na kwa heshima ya wanawake. Sisi tuliangalie kwa upande wa zawadi. Sahani ya santuri ilivunjika upesi na gramafoni ilikuwa ghali. Mwenye gramafoni alikuwa na baraza. Alipoweka sahani, mtaa ulisikia. Chombo kilikuwa cha mmoja, wimbo ukawa wa wote. Lakini hapo ndipo lilipoanza jambo jipya: mtoaji wa zawadi hakuhitaji tena kuwapo wimbo ulipopigwa.

Siku ya kuzaliwa ilikuwa ya nani?

Kabla ya kuendelea na vyombo, inafaa tuulize habari ya siku yenyewe ambayo leo zawadi nyingi hutolewa. Katika mwambao wetu, kuzaliwa kulikosomwa na kuimbwa kwa tarehe maalumu kulikuwa kuzaliwa kwa Mtume. Maulidi ya Barzanji husomwa katika mfungo sita, na katika ndoa na shughuli nyinginezo mwaka mzima. Lamu ina Maulidi yake ya Msikiti wa Riyadha, na Unguja ina Maulidi ya Homu. Huko Nyasa, misheni ziliingiza Krismasi. Hata jiwe la msingi la kanisa kuu la Mkunazini, juu ya ardhi ya soko la watumwa, liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873. Kwa hiyo Mwislamu wa pwani na Mkristo wa ziwani walifanana katika hili: walijua kuimbia siku ya kuzaliwa, lakini si ya kwao wenyewe.

Mtu wa kawaida alihesabiwa umri kwa matukio. Fulani kazaliwa mwaka wa njaa, mwingine wakati wa nzige. Huko Songea na Mbinga vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 vilikuwa alama kubwa kwa kizazi kizima. Hesabu hii si ujinga. Inamweka mtu ndani ya habari za wenziwe, kwani waliozaliwa mwaka wa njaa ni wote, na kila mmoja ni shahidi wa mwenzake.

Tazama waimbaji wetu wakubwa. Siti anakadiriwa kuzaliwa karibu na mwaka 1880, na hapana tarehe. Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, hakuwa na siku ya kuzaliwa inayojulikana, na hata mwaka wake ulibishaniwa. Filamu ya mwaka 2006 juu ya maisha yake ilichukua jina linalosema kwamba umri wake ni sawa na wa ulimi wake. Wanawake hawa waliimba katika harusi na sherehe zisizo na idadi, na hapana mtu aliyeweza kuwaimbia katika siku yao wenyewe.

Tarehe ililetwa na kalamu: daftari la ubatizo, daftari la shule, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho. Na mwenye kudai tarehe kuliko wote ni kompyuta. Karani wa zamani aliweza kuandika "yapata 1930" akaridhika. Kompyuta haikubali neno "yapata". Ina visanduku vitatu, vya siku, mwezi na mwaka, na isipojazwa haiendelei mbele. Ndiyo sababu wazee wengi waliojua mwaka tu waliandikiwa siku ya kwanza ya Januari. Leo mwaka mpya ukiingia, wako mabibi na mababu ambao mashine huwatumia pongezi za siku ya kuzaliwa, na wao wenyewe hawana habari nayo.

Umesalimiwa redioni

Mwaka 1951 ulikuwa mwaka wa sauti. Ndipo Sauti ya Unguja ilipoanza, na ndipo utangazaji ulipoanza Dar es Salaam, ambao kwa kupitia majina kadhaa ulikuja kuitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio za transista zilipoenea, zilifika hata penye milima. Mbinga ni nchi ya kahawa, na fedha ya msimu iliponunua bati na baiskeli, ilinunua pia redio na betri zake.

Redio ilileta kipindi ambacho wasomi wengi wamekipita bila kukitazama: kipindi cha salamu. Msikilizaji alinunua kadi, akaandika jina lake na sanduku lake la posta, majina ya anaowasalimu, wimbo anaoutaka, na ujumbe. Ujumbe mara nyingi ulikuwa methali, na mara nyingine tungo ya mwandishi mwenyewe. Kadi ikasafiri kwa posta hadi kituoni. Mtangazaji akaisoma, kisha wimbo ukapigwa.

Mshairi hana budi kuitamani kadi ile. Ilikuwa na nafasi ndogo, na kila neno lilipimwa. Mtu wa Tingi aliyetaka kumpongeza rafiki yake aliyeko Tanga alipaswa kuhesabu siku za gari hadi Songea, siku za posta hadi Dar es Salaam, na siku za kungoja zamu ndani ya kapu la kadi za taifa zima. Pongezi za Juni ziliandikwa Aprili. Na hakuwa na hakika. Siku kadi iliposomwa, huenda mwenyewe alikuwa shambani. Lakini jirani alisikia, akaja kumwambia: umesalimiwa redioni. Zawadi ilifika kwa mkono wa mtu wa tatu, na mtu huyo wa tatu akawa na sehemu yake katika furaha ile.

Kwa njia hiyo msikilizaji wa visiwani aliweza kusikia majina ya vijiji asivyovijua, na mvuvi wa Liuli akaweza kusikia majina ya Makunduchi na Wete. Nchi ilijifunza jiografia yake kwa salamu. Wako waliokuwa mashuhuri kwa kutuma salamu tu. Wakajiunga katika vyama vyao, wakatembeleana, wakazikana. Tukipima kwa mizani yetu, redio ilihifadhi yote matatu. Jina lilitajwa mbele ya taifa. Muda ulitumika, na mwingi. Na marejeo yalikuwapo, kwani aliyesalimiwa alikwenda kununua kadi.

Nyimbo zenyewe zilikuwa na mkasa wao. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi zetu, akina NUTA Jazz, Morogoro Jazz na nyinginezo, zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania, na santuri zilipofyatuliwa, zilifyatuliwa Kenya. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977 hadi 1983, njia hiyo nayo iliingia taabuni. Kwa sababu hiyo nyimbo nyingi za zama zile zimebaki kwenye kanda kubwa za maktaba ya redio ya taifa, hazina nakala dukani. Zawadi zote zile za wasalimu wa miaka ya 1970 zilitegemea rafu moja mjini Dar es Salaam.

Kanda ndogo, ambayo Philips waliionyesha Berlin mwaka 1963, ilipoenea kwetu ilivunja utegemezi huo. Kwa kinasa sauti, mtu aliweza kuvizia wimbo redioni na kuunasa, au kunasa harusi ya nduguye. Zaidi ya hayo, aliweza kunasa sauti yake mwenyewe. Baina ya Unguja, Dubai na Maskati zilisafiri kanda nyingi katika mifuko ya wasafiri: upande mmoja tarabu, upande wa pili mama anamsalimu mwanawe, na nyuma yake jogoo anawika. Juu ya karatasi ya kanda mliandikwa kwa kalamu: kwa fulani, kutoka kwa fulani, tarehe fulani. Sijui zawadi ya siku ya kuzaliwa iliyo bora kuliko hiyo. Dakika 60 za kanda zilihitaji dakika 60 za rafiki.

Kompyuta iliyokatazwa

Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi yake ilikuwa hesabu, na mambo hayakwenda kama yalivyotarajiwa. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini, na televisheni nazo zikazuiwa kwa Tanzania Bara. Visiwani hali ilikuwa kinyume, kwani Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973. Bara ilingoja mpaka 1994 kupata kituo chake cha kwanza. Makatazo ya kompyuta yalikuja kulegezwa katika miaka iliyofuata, nchi ilipofungua milango ya biashara.

Ni rahisi leo kuyacheka makatazo yale. Lakini tukiyatazama kwa haki, yalikuwa na hofu mbili ndani yake. Moja ilikuwa ya fedha za kigeni, na ya pili ilikuwa ya kukabidhi mambo ya watu kwa mashine ambayo wachache tu waliweza kuiuliza maswali. Hofu ya kwanza imepita. Ya pili haijapata jibu.

Kompyuta iliporudi haikurudi kama karani wa hesabu peke yake. Katika miaka ya 2000 ilirudi kama sanduku la muziki. Katika miji yetu, vibanda vya intaneti vilikuwa na kijana wa kuchoma nyimbo kwenye sidii, na baadaye wa kuziingiza kwenye memori kadi ya simu. Huko Ruvuma jambo hili lilikuwa na sura yake. Gridi ya taifa kutoka Makambako ilifika Songea mwaka 2018 tu. Kabla ya hapo miji ya Songea na Mbinga ilitegemea kwa sehemu kubwa majenereta ya dizeli. Kompyuta ikabaki mjini penye umeme. Wimbo ukapanda gari ndani ya kadi ndogo kuliko ukucha, ukateremka kijijini, ukapigwa kwenye simu iliyochajiwa kwa jua.

Kadi hiyo ndogo ni muujiza, na sitaki kuidharau. Imebeba nyimbo mia kadhaa kwa bei ambayo isingenunua sahani moja ya santuri. Imempa mtoto wa Tingi tarabu ya Unguja, kwaya ya Songea na dansi ya Kinshasa kwa mkupuo. Lakini tukiiweka kwenye mizani, tunaona palipopungua. Anayeingiza nyimbo ni kijana wa kibanda, naye huingiza zile zile kwa wateja wote. Jina halimo. Muda ni dakika tano. Na mtunzi aliyetoka jasho hapati chochote, ingawa sheria ya hakimiliki ilipitishwa Bara mwaka 1999 na Zanzibar mwaka 2003.

Tukitaja hakimiliki, yafaa tukumbuke mkasa wa wimbo wa siku ya kuzaliwa wenyewe, ule wa Kiingereza unaoimbwa kote, hata na watoto wasiojua Kiingereza. Lahani yake ilichapishwa Marekani mwaka 1893 katika kitabu cha nyimbo za watoto cha dada wawili, Patty na Mildred Hill, ikiwa na maneno ya kuwaamkia wanafunzi asubuhi. Kwa miaka mingi kampuni moja kubwa ya muziki ilitoza fedha kwa kila filamu iliyotumia wimbo wa pongezi uliotokana nayo. Mwaka 2015 hakimu wa Marekani aliamua kwamba madai hayo hayakuwa na msingi, na mwaka 2016 shauri likamalizwa kwa dola milioni 14. Zawadi ambayo ulimwengu mzima ulidhani ni ya bure ilikuwa na mwenye duka mlangoni. Wenzetu wa mganda wasingeelewa: kwao wimbo hulipwa kwa wimbo.

Mashine inapokumbuka kwa niaba yetu

Sasa tumefika tulipo. Simu inajua tarehe za kuzaliwa za marafiki zetu wote, na asubuhi hutuambia: leo ni siku ya fulani. Tunabonyeza picha ya keki, tunaweka wimbo chini yake, tunaendelea na kazi. Fulani naye hupokea keki 80 kabla ya adhuhuri, na hujibu zote kwa neno moja. Hapana aliyekosa adabu. Lakini tujiulize: katika tendo hilo, ni nani aliyekumbuka? Aliyekumbuka ni mashine. Nahodha Berndt aliponzwa kwa kukosa habari. Sisi habari zimetujaa mikononi, na rafiki yetu bado haonani nasi.

Hasara ya pili itawaumiza wanahistoria. Kadi ya salamu iliandikwa kwa mkono. Kanda ilikuwa na jina na tarehe. Simu ikianguka ziwani, au ikibadilishwa kwa mpya, salamu za miaka mitano huondoka nayo. Zile kanda za redio ya taifa zinaweza kuhamishiwa kwenye kompyuta, na juhudi za namna hiyo zimekwisha kuanza. Kompyuta ile ile inayotusahaulisha ndiyo inayoweza kuokoa sauti za wazee. Lakini haitafanya hivyo kwa hiari yake. Yahitaji mtu aketi, asikilize na aandike: huyu ni nani, anamwimbia nani, mwaka gani.

Kwa hiyo sioni haja ya kurudi kwenye gramafoni. Naona haja ya kurudisha yale matatu ndani ya chombo kipya. Rafiki yako akitimiza mwaka, kama tarehe yake ni ya kweli au ni ile Januari ya makarani, mtumie sauti yako badala ya keki ya wengine, na utaje jina lake. Mwenye kipaji amtungie beti tatu. Asiye na kipaji amweleze siku walipojuana. Kisha aandike tarehe, na aihifadhi nakala mahali pawili. Na mwenye mama au bibi asiye na siku ya kuzaliwa amwulize ni mwaka wa nini alizaliwa, amnase akijibu, na amwombe wimbo mmoja wa utotoni mwake. Hiyo itakuwa zawadi ambayo yeye ndiye ametoa, na deni lake litabaki kwetu, nasi tutalazimika kwenda kumtembelea tena.